Filingi nyeupe imetoka nzima, daktari anasema ni enzaimu za jino lenyewe zimekula gundi. Ni kweli?

WaLanet

Habari za jioni wadau. Niko Nakuru upande wa Lanet na nauliza hili nikitaka jibu la mtu anayelijua. Nilijazwa jino la nyuma kwa hii filingi nyeupe, ile wanapiga taa ya buluu inakauka, ikakaa vizuri mpaka nikasahau ni jino lipi, halafu juzi nikitafuna mahindi choma nikasikia kitu kigumu mdomoni, kutema naona ni filingi yenyewe, imetoka nzima wala haijavunjika. Na jino lilikuwa halijaniuma hata siku moja. Nikaenda kliniki tofauti na ile ya kwanza, daktari akapiga eksirei akasema kuoza ni kidogo sana, kilichoachilia ni bondi, yaani ile gundi kati ya filingi na jino, na kwamba ndani ya jino kuna enzaimu ambazo zinakula pale gundi imeshikilia pole pole mpaka inaachilia. Akasema akijaza tena atapitisha klorheksidini kwanza ili azizime, na bei inapanda kidogo.

Sasa mimi nauza agrovet, enzaimu nazijua za tumbo la ng'ombe na za sileji, lakini za jino ndio nasikia mara ya kwanza. Hiyo dawa inasaidia kweli ama nitakuwa nimelipia maji? Na kama gundi ya nyeupe inaliwa, si afadhali niombe ile ya zamani ya rangi ya fedha? Nalipa kutoka mfukoni kwa hivyo nataka nijue kabla sijarudi.

Omwami_Mumias

Pole sana dada. Mimi si daktari lakini filingi yangu ya fedha niliwekewa nikiwa sekondari na saa hii mtoto wangu ndiye yuko sekondari, na bado iko. Hizi nyeupe kila mtu naskia yake imetoka. Mambo ya enzaimu sijawahi skia, bakteria ndio huwa naskia wanaoza meno. Maoni yangu ni uombe ya fedha tu, juu ile inakaa.

MenoKisumu

WaLanet, mimi ni daktari wa meno hapa Kisumu, na huyo daktari wako hajakudanganya. Omwami nitakufikia pia. Lakini wacha nianze na hii ya enzaimu kwa sababu ni kitu wagonjwa hawaelezwi na kinastahili kuelezwa pole pole, mnivumilie itakuwa ndefu.

Gundi inakutana na sehemu mbili za jino. Ya nje, enameli, ni madini karibu yote, kama asilimia 96 kwa uzito. Kushika pale si shida, ilijulikana tangu 1955 wakati Michael Buonocore kule Rochester, Marekani, alipaka asidi ya fosforiki kwenye enameli na akaona resini, yaani ile plastiki laini inayokauka, sasa inang'ang'ania, kwa sababu asidi inaacha vishimo vidogo sana na resini inaingia humo inakauka. Shida iko ndani, kwa dentini. Dentini madini ni kama asilimia 70, asilimia 20 hivi ni protini na nyingi yake ni kolajeni, na inayobaki ni maji. Tena ina mirija midogo isiyohesabika inayotoka kwa kiini cha jino, kwa hivyo haikauki hata ufanye nini, ni kitu hai chenye unyevu.

Ukipaka hapo asidi ya asilimia 37 kwa sekunde 15, madini yanaondoka kwa kina cha mikroni 5 hadi 8 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kinachobaki ni wavu wa nyuzi za kolajeni ndani ya maji. Sasa bondi inatakiwa iingie ijaze kila mahali madini yalikuwa, ikauke nyuzi zikiwa ndani yake. Hilo tabaka ambalo nusu ni kolajeni nusu ni resini, Nakabayashi na wenzake Japani walilionyesha 1982, sisi tunaliita tabaka haibridi, na ni hilo hilo lenye unene wa mikroni chache linaloshikilia filingi nyeupe kwenye dentini. Chukua mfano wa nondo na zege. Asidi imetoa zege la zamani, nondo zimebaki wazi, na wewe unamimina jipya. Likifika mpaka chini nyumba inasimama. Lakini mara nyingi bondi haifiki chini kabisa, asidi imechimba kuliko resini ilivyoweza kufuata, au maji yamebaki yakazuia, na pale chini kunabaki nondo zisizofunikwa.

Hapo ndipo enzaimu zinaingia. Wakati jino linaumbwa kabla halijatokeza kwa ufizi, seli zilizotengeneza dentini ziliacha ndani yake enzaimu kadhaa, zikafungiwa na madini zikiwa zimelala. Kundi kubwa linaitwa MMP, kirefu chake ni matriksi metaloproteinezi, kwa dentini tunazitaja zaidi MMP-2, MMP-8, MMP-9 na MMP-20, halafu kuna kundi lingine la kathepsini. Hakuna bakteria aliyezileta, ni za jino. Ukija na asidi unafanya mambo mawili bila kutaka, unaondoa madini yaliyozifunika, na ile asidi yenyewe inaziamsha. Halafu unafunika na resini na mgonjwa anaenda nyumbani. Pale ambapo resini ilifunika kolajeni vizuri hazipati nafasi. Pale ambapo kolajeni iko uchi na kuna maji zinaanza kukata, MMP-8 inakata ile kamba nzima ya kolajeni, MMP-2 na MMP-9 zinamalizia vipande, miezi kwa miaka. Mgonjwa hasikii chochote. Siku moja anatafuna mahindi.

Na isionekane ni enzaimu peke yake. Resini nayo inachoka upande wake. Bondi nyingi zina kemikali inaitwa HEMA, ambayo inapenda maji, ndiyo maana inaweza kuingia kwenye dentini yenye unyevu, lakini ikishakauka inaendelea kunyonya maji na yale maji yanakata viungo vya esta ndani ya resini. Mate pia yana enzaimu za kukata esta, na bakteria kama Streptococcus mutans wanazo. Kwa hivyo kolajeni inaliwa huku resini inalegea kule. Filingi iliyokaa miaka ikatoka nzima, bila kuvunjika, bila kuoza kwingi, mara nyingi hadithi yake ni hiyo, ingawa siwezi kuapa bila kuiona. Ingetoka wiki ya pili ningeshuku kitu kingine kabisa, kwamba mate au damu iliingia wakati wa kujaza.

kemia_Maseno

Daktari ameeleza vizuri sana, acha niongeze upande wa maabara kwa sababu kuna watu watauliza imejulikanaje kama ni enzaimu za jino na si bakteria. Mimi nafundisha kemia, si meno, lakini kuna jaribio moja ambalo napenda kuwapatia wanafunzi kwa vile lilivyopangwa.

Mwaka 2004 David Pashley na wenzake walichukua vipande vya dentini, wakaviosha kwa asidi ya fosforiki, na hawakuweka bondi yoyote. Vingine wakaviweka kwenye mate ya kutengeneza, vingine kwenye mate hayo hayo yaliyoongezwa dawa za kuzuia enzaimu za protini, vingine wakavitumbukiza kwenye mafuta. Wakangoja mpaka siku 250. Hapakuwa na bakteria wa kulaumiwa. Kwenye mate matupu kolajeni ikawa imeisha karibu yote. Kwenye dawa ya kuzuia ilibaki. Na kwenye mafuta ilibaki pia! Hiyo ya mafuta ndiyo ningetaka watu waitazame, kwa sababu inaonyesha kwamba enzaimu hizi bila maji haziwezi chochote. Ni haidrolezi, kila kiungo cha protini wanachokata kinatumia molekuli ya maji. Kwa hivyo njia ni mbili hapo mbele yenu, ama uzime enzaimu ama utoe maji.

WaLanet kwa kuwa wewe wajua sileji utaelewa hii haraka. MMP ina atomu ya zinki katikati pale inapokatia, na kalisiamu ya kuishikilia umbo. Ukiinyang'anya zinki inasimama. EDTA inafanya hivyo, na klorheksidini inaaminika kuzuia MMP kwa njia inayofanana na hiyo, tena kwa dozi ndogo sana. Kuna watu wanatafuta njia nyingine, badala ya kuzima enzaimu unafunga kolajeni yenyewe kwa viungo vya ziada mpaka enzaimu ikikuja haipati pa kuuma, wamejaribu karbodiimidi, raiboflavini yaani vitamini B2 na mwanga, na dondoo ya mbegu za zabibu. Nyingi ya hizo bado ni za maabara, shida yake ni muda, hakuna mgonjwa atakaa na mdomo wazi saa nzima.

Omwami_Mumias

Sawa nimeelewa kuna enzaimu, asanteni. Lakini sasa daktari si ungejibu ya fedha. Hizo enzaimu mbona hazikuikula yangu miaka yote?

MenoKisumu

Omwami hilo ni swali la haki kabisa. Amalgamu, yaani hiyo ya fedha, haitegemei kolajeni. Daktari anachonga shimo liwe pana chini kuliko juu na amalgamu inajifunga humo kwa umbo, hakuna asidi kwenye dentini, hakuna tabaka haibridi, hakuna cha kuliwa. Tena ina tabia moja nzuri, kadiri inavyokaa kutu yake inaziba ule mwanya kati yake na jino. Ndiyo maana yako iko hadi leo na wala sipingi.

Lakini ili ijifunge lazima uchonge hata sehemu ya jino ambayo haikuwa imeoza, na miaka ikipita kuta za jino zinapasuka. Wengi naowaona wa umri wako wanakuja filingi ikiwa sawa na ukuta wa jino umekatika. Halafu amalgamu ina zebaki. Nchi nyingi ziko kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kupunguza matumizi ya zebaki, Kenya pia imo, na Umoja wa Ulaya walisimamisha amalgamu kuanzia Januari 2025 isipokuwa kwa sababu maalum za kimatibabu. Hata kupata daktari anayeiweka inazidi kuwa ngumu. Kwa hivyo WaLanet, kwa shimo ambalo tayari limechongwa kwa ajili ya nyeupe, dogo na lenye enameli pande zote, mimi singeongeza kuchonga ili niweke amalgamu. Ningejaza nyeupe vizuri.

coho_Busia

Hilo neno "vizuri" la mwisho hapo ndilo limenifanya niingie. Mimi ni afisa wa afya ya kinywa, nimefanya kazi vituo vya chini Busia na Kakamega, na nasema kwa heshima zote kwa daktari na mwalimu, tukiwa tunazungumza enzaimu na hatuzungumzi mate tunamwacha mgonjwa nusu njia.

Dada, filingi nyeupe ni kazi ya ukavu wa nje na unyevu wa kipimo ndani, na muda. Ukiona mtu anakujaza molari ya chini dakika chache, pamba imelowa imeguswa na ulimi, hakuna wa kushika bomba la kunyonya mate, hata akipaka klorheksidini lita nzima ni bure. Kuna ile shuka ya mpira inayovalishwa jino likabaki limechomoza peke yake, rababa damu tunaita, wengine hawaitumii kwa sababu mgonjwa analalamika au imeisha stoo, na mimi ndiyo ningeuliza kwanza kabla ya dawa yoyote. Halafu asidi, sekunde 15 kwa dentini ni 15, ukiacha dakika nzima ukiongea na simu umechimba ndani kuliko bondi inavyoweza kufika, hizo nondo za daktari umeziongeza mwenyewe. Halafu kuosha na kukausha, ukipuliza hewa sana mpaka dentini iwe kavu ya vumbi zile nyuzi za kolajeni zinalaliana na bondi haipiti, ukiacha dimbwi la maji ndiyo hayo maji mwalimu anasema enzaimu zinayangoja. Halafu bondi isuguliwe kwa brashi ndogo, si kuguswa guswa tu, ipulizwe hewa pole pole mpaka isitembee tena, kwa sababu ndani yake kuna asetoni au ethanoli ambayo kazi yake ni kuondoka na maji. Chupa ya bondi ikiachwa wazi mezani joto la Busia hiyo asetoni inaenda zake na mgonjwa wa jioni anapata bondi nzito isiyoingia popote. Halafu taa. Stima ikipotea na betri ya taa iko chini inawaka buluu vizuri kwa macho lakini resini ya chini haijaiva, na resini isiyoiva inanyonya maji kupita kiasi. Hayo yote hayana bei ya ziada, ni uangalifu tu, na kila moja linapunguza chakula cha enzaimu.

Kuhusu klorheksidini sipingi. Lakini tone la ya asilimia 2 unapaka baada ya kuosha asidi, unaacha sekunde 30 hadi 60, unafyonza maji ya ziada bila kuosha tena, unaendelea na bondi. Kwa maoni yangu hiyo si kitu cha kupandishia mtu bei.

kemia_Maseno

Nakubali kabisa coho. Hata hivyo tusiishushe sana, kuna ushahidi kutoka vinywani mwa watu, si chupa za maabara tu. Hebling na wenzake 2005 walijaza meno ya utotoni ya watoto, mengine kwa klorheksidini na mengine bila, meno yakatolewa baada ya miezi sita yakatazamwa kwa hadubini ya elektroni, na yale bila dawa tabaka haibridi lilikuwa limeanza kuliwa. Carrilho na wenzake 2007 wakafanya kitu kama hicho kwa miezi 14 na nguvu ya gundi bila dawa ilishuka, yenye dawa ikabaki.

MenoKisumu

Ni kweli mwalimu, na mimi huipaka kila ninapotumia asidi kwenye dentini. Lakini nimweleze WaLanet upande wa pili ili asilipie tumaini. Klorheksidini haijafungwa kwenye dentini kwa kudumu, imeshika kwa chaji tu, inatoka pole pole, na baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili nguvu yake inakuwa imepungua sana. Na walipofuatilia wagonjwa kwa miaka wakihesabu filingi zilizotoka, hasa zile za shingoni mwa jino karibu na ufizi, tofauti kati ya waliopakwa na wasiopakwa haikujitokeza wazi vile inavyojitokeza maabara kwenye mashine ya kuvuta inayopima nguvu ya gundi. Kwa hivyo ni kitu kinachosaidia, hakidhuru, ni rahisi. Lakini si bima.

Kinachonipa mimi imani zaidi ni kupunguza kuchimba dentini tangu mwanzo. Kuna bondi za kisasa zenye asidi nyepesi ndani yake, hazihitaji kuoshwa, zinaondoa madini kidogo tu na kuacha mengine yamezunguka kolajeni. Zile zenye molekuli ya 10-MDP zinafunga kemikali na kalisiamu iliyobaki, na kifungo hicho hakiyeyuki kirahisi kwa maji. Basi unapaka asidi ya fosforiki kwa ukingo wa enameli peke yake, ambako haina kolajeni ya kuliwa, unaosha, halafu hiyo bondi kila mahali. Hizo nazo zinaamsha enzaimu kidogo, nisifiche, lakini hazijaacha wavu mrefu ulio uchi chini. Na enameli ikishikwa vizuri kuzunguka shimo lote inakuwa kama ukuta, maji ya nje hayafiki dentini kwa urahisi. Shimo ambalo ukingo wake umeshuka chini ya ufizi, ambako enameli imeisha, hilo ndilo la kunyima daktari usingizi.

Gilgil_hadi_Naks

Samahani naingilia lakini mmesema enameli na mko mnaongea na mtu wa Nakuru. Sisi tuliokulia huku meno yetu ni ya kahawia kwa sababu ya maji ya visima, floridi ya huku bondeni iko juu kuliko ile 1.5 mg kwa lita ya Shirika la Afya Duniani sehemu nyingi. Mimi niliambiwa gundi haishiki vizuri kwa meno kama yangu. Ni kweli? WaLanet wewe meno yako yana madoa?

WaLanet

Ndio yana, si sana lakini yako, nimekunywa maji ya bohoo tangu utotoni. Daktari hakutaja hilo. Kwani linahusika?

MenoKisumu

Linahusika na asante Gilgil kwa kulikumbusha, huku Kisumu silioni kama wenzangu wa Nakuru wanavyoliona. Enameli iliyopata floridi nyingi wakati wa kuumbwa, tabaka lake la juu linakataa asidi. Unapaka sekunde zile zile na vile vishimo havijitokezi kama inavyotakiwa, kwa hivyo ukingo unashikwa kijuujuu na maji yanapita. Dawa yake ni kukwaruza enameli ya juu kidogo kwa baa, yaani ile ncha ya mashine ya kuchongea jino, hasa pale ukingoni, au kuongeza muda wa asidi kwa enameli hiyo peke yake. Kwa dentini usiongeze. Mwambie daktari wako umekulia Nakuru na una madoa hata kama anaona, wewe litaje tu.

Gilgil, kuchemsha maji hakutoi floridi, maji yanapungua floridi inabaki. Ila nadhani wewe hilo unalijua.

Gilgil_hadi_Naks

Nalijua ndio. Nyumbani tulipata kichungio cha mkaa wa mifupa wa ule mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru, watoto wangu wanakunywa hiyo na meno yao ni tofauti kabisa na yangu. Nawaomba wenye watoto wadogo huku msikie hilo, kwa sababu jino likishatokeza na madoa hakuna kurudi nyuma.

WaLanet

Jameni mmenisaidia kuliko nilivyotarajia, Mungu awabariki. Nimepanga kurudi kwa yule daktari wiki hii. Mambo mawili bado. Kwanza, kama klorheksidini ndiyo ile ya kusukutua inauzwa kemisti, si ninunue nisukutue nyumbani kila siku ili filingi ikishawekwa izidi kulindwa? Pili, jana usiku shimo lilianza kuuma na baridi, nikaweka pamba yenye mafuta ya karafuu, ikatulia. Niendelee nayo mpaka siku hiyo?

coho_Busia

Dada hiyo ya kemisti usijisumbue. Mara nyingi ni ya asilimia 0.2 na ni ya ufizi, na filingi ikishafunika jino hakuna njia itafika pale chini enzaimu ziko. Ukiitumia wiki nyingi itakupaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Piga mswaki na dawa ya meno ya kawaida, safisha katikati ya meno.

Karafuu achana nayo kuanzia sasa! Mafuta ya karafuu ni yujeno, na yujeno inazuia resini kukauka. Ikiwa imelowesha dentini na mtu akaja kuweka bondi juu yake bondi haiivi vizuri, unarudi pale pale. Mwambie daktari uliweka ili asafishe dentini vizuri kabla ya kuanza. Jino likiuma meza panadol, kula upande mwingine, na kama unaweza kufika kesho wakuwekee simenti ya muda isiyo na yujeno, waambie hivyo kwa jina, maana simenti ya muda nyingi zinayo.

MenoKisumu

Naunga mkono yote hayo. Na ukiwa pale uliza kwa upole tu, "daktari utatumia rababa damu?" na "utapaka asidi kwa enameli pekee ama hadi dentini?" Daktari anayejali kazi yake hatakasirika, atafurahi. Akisema atapaka hadi dentini basi klorheksidini iwekwe. Akisema enameli pekee na bondi yenye MDP, hiyo klorheksidini si ya lazima na usilipie zaidi.

Kama kuna dentini laini ya zamani chini, aiondoe ile laini sana lakini asichimbe mpaka kiini. Dentini iliyowahi kuguswa na kuoza ina unyevu zaidi na enzaimu zake ziko macho zaidi, gundi pale huwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Wengine huweka kwanza glasi ayonoma, aina ya simenti ya meno, chini halafu nyeupe juu, na kwa shimo lenye kina mimi napenda hivyo, kwa sababu glasi ayonoma inajifunga yenyewe kwa kalisiamu ya jino bila kuhitaji wavu wa kolajeni.

WaLanet

Nimeandika yote kwa karatasi. Nitaenda kesho asubuhi kabla sijafungua duka. Nikishajazwa nikae muda gani kabla ya kula?

coho_Busia

Ganzi ikiisha tu, usije ukauma shavu. Hii ya taa ikishapigwa vizuri imeshikana papo hapo, si kama amalgamu uliyokuwa unaambiwa ungoje siku nzima. Ila kama ukiuma meno unaisikia iko juu kuliko meno mengine, rudi wapunguze siku hiyo hiyo, usijaribu kuizoea.